Mitambo mipya ya mpakani isimwache nyuma mwenye kabambe

Usiku mmoja wa Septemba 2025, Safaricom iliwaomba wateja wake nchini Kenya wavumilie kwa saa chache huku M-Pesa ikihamishwa kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Kampuni ilisema mtambo mpya unaweza kubeba miamala 6,000 kwa sekunde, na kupanuliwa hadi 12,000. Kulipokucha, aliyezoea kupiga *334# alipiga *334#. Aliyezoea menyu ya kwenye laini aliikuta pale pale. PIN ilikuwa ile ile. Hakuna mteja aliyeambiwa anunue simu nyingine ili pesa zake mwenyewe ziendelee kumtambua.

Jambo hilo halikuzungumzwa sana, maana habari huwa ni kile kilichoharibika. Lakini kwa mtu anayevusha bidhaa kati ya Busia na Tororo, ndilo jambo la kutazama kwa makini. Kwa takriban miaka ishirini sasa mpaka wa Malaba umebadilishiwa mifumo mara nyingi: ya forodha, ya risiti, ya malipo, ya kufuatilia malori. Karibu kila mara gharama ya mabadiliko imemwangukia aliye mlangoni, yaani wakala wa forodha, dereva, mwenye duka na mama wa vitunguu. Ikiwa injini ya pesa za mamilioni ya watu inaweza kubadilishwa usiku na mwenye kabambe asijue, kwa nini mfumo wa kutoa ankara au cheti ukibadilishwa ni lazima mfanyabiashara ndiye aanze upya?

Hoja yangu ni kwamba si lazima. Kumwacha mteja wa zamani nje ni uamuzi, na uamuzi huo hufanywa na watu walio mbali na foleni ya Malaba.

Mkalimani wa mlangoni

Wahandisi wa kompyuta wana neno ambalo sisi wa mpakani tunalijua kwa maana nyingine: itifaki. Kwetu ni Itifaki ya Umoja wa Forodha iliyoanza kutumika mwaka 2005, au ile ya Soko la Pamoja ya mwaka 2010. Ni makubaliano ya nani aseme nini, kwa utaratibu upi, na mwenzake ajibu vipi. Kwa mashine ni vivyo hivyo. Simu inapozungumza na seva ni lazima ziwe zimekubaliana nani anaanza, ujumbe uwe na urefu gani, na jibu lisipokuja nani anasubiri na kwa muda gani.

Kabambe, au katochi kama wanavyoiita wenzetu wa ng'ambo ya Mto Malaba, inajua itifaki chache tu. Inajua kupiga, inajua SMS, na inajua ile ya nyota na reli, yaani USSD. Ni itifaki ya kizamani kweli. Ujumbe wake mmoja hauzidi herufi 182. Mazungumzo yakikatika hayaendelei pale yalipoishia, unaanza mwanzo. Simu yenyewe haihifadhi chochote. Lakini haihitaji bando, haihitaji skrini kubwa, na inafanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa iliyopo kibandani. Ndiyo maana *165# ya MTN Uganda, iliyoanzisha huduma yake ya pesa mwaka 2009, bado ni namba ambayo watu wa Tororo wanaijua kwa kichwa.

M-Pesa yenyewe ilipoanza Machi 2007 ilitumia menyu iliyowekwa ndani ya laini ya simu. USSD ilifuata baadaye. Nyuma ya menyu hiyo mambo mengi yamebadilika. Kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 zililetwa Kenya, na papo hapo mtambo wa zamani ukabadilishwa na mwingine. Mwaka 2025 ukabadilishwa tena. Injini ya tatu hiyo, na mlango wa mteja ni ule ule.

Linawezekana kwa sababu kati ya simu na mtambo kuna lango. Lango hilo halina pesa, wala halijui salio la mtu. Kazi yake ni ukalimani tu: linapokea maneno ya kizamani kutoka kwa simu, linayageuza kuwa lugha ambayo mtambo mpya unaielewa, linangoja jibu, kisha linalifupisha liingie katika zile herufi 182. Mtambo ukibadilishwa, anayefundishwa lugha mpya ni mkalimani. Mteja haguswi.

Wazee wa Malaba na Busia hawahitaji maelezo marefu hapa. Jina boda boda lilizaliwa upande huu, miaka ya 1960, kutokana na baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, pale katikati ambapo gari la Kenya liliishia na la Uganda lilikuwa halijaanza. Mwenye baiskeli hakubadilisha sheria za nchi yoyote. Alijua tu kuvuka.

Na wahandisi wenyewe, linapowahusu wao, hawakubali kuachwa nje. Hifadhidata iitwayo PostgreSQL ilitokana na kazi iliyoanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na namna yake ya kuzungumza na programu za nje inayotumika sana leo ni ya mwaka 2003. Kampuni ya Marekani ya Cockroach Labs ilipojenga hifadhidata ya kisasa, inayogawa kumbukumbu zake katika mashine nyingi zilizo miji tofauti, iliamua izungumze lugha ile ile ya PostgreSQL. Google nayo iliongeza lugha hiyo kwenye hifadhidata yake ya Spanner. Sababu ni ya kibiashara: kuna maelfu ya programu zilizokwisha kuandikwa, na hakuna mwenye programu anayependa kuambiwa aandike upya ndipo apokewe. Mteja mwenye programu anabembelezwa. Mteja mwenye gunia la mahindi anaambiwa mfumo umebadilika.

Forodha mbili, lugha mbili

Historia ya forodha yetu ni ya lugha zisizoelewana. Kenya ilianzisha mfumo wa Simba mwaka 2005, uliotokana na programu ya GAINDE ya Senegal. Uganda ilikuwa na ASYCUDA, mfumo unaotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva. Rwanda na Burundi nao wanautumia. Tanzania ikaenda zake na TANCIS, uliojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Kwa hiyo tamko lililoandikwa Mombasa kwa lugha ya Simba lilipofika Malaba lilikuwa karatasi tu. Wakala wa upande wa Uganda alilisoma kwa macho na kuliandika upya, neno kwa neno, katika ASYCUDA. Lori likalala. Kosa la tarakimu moja katika uzito au namba ya kontena lilitosha kulilaza siku ya pili.

Muongo wa 2000 ukielekea mwisho ukaja RADDEx, mfumo wa kupitishiana taarifa kati ya mamlaka za mapato. Haukumlazimisha yeyote kuacha mfumo wake. Ulibeba taarifa kutoka upande mmoja na kuzifikisha upande wa pili kwa namna unayoweza kuzisoma. Kisha, baada ya marais wa Kenya, Uganda na Rwanda kukubaliana mwaka 2013, mwaka 2014 ilianza kazi ya Himaya Moja ya Forodha. Tamko la mzigo wa Kampala likawa linafanywa katika mfumo wa Uganda kabla mzigo haujaondoka Mombasa, ushuru unalipwa huko, na maofisa wa URA wakapelekwa kukaa bandarini. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikisema safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi siku 4.

Angalia kilichofanyika hapo. Hakuna nchi iliyotupa mfumo wake. Kilichojengwa ni mapatano ya kupitishiana taarifa. Kwa lugha ya wahandisi, eneo letu lote likawa kama hifadhidata moja iliyogawanywa katika vituo: sehemu iko Nairobi, sehemu Kampala, sehemu Kigali, na kila kituo kina lugha yake ya ndani. Ni jambo kubwa, na nadhani Jumuiya haijalisifia vya kutosha. Imesifia zaidi majengo ya vituo vya pamoja kuliko nyaya zilizomo ndani yake.

Tatizo lilikuja Kenya ilipoanza kuondoa Simba na kuleta iCMS. Kwa kipindi fulani mifumo yote miwili ilitumika kwa pamoja, mizigo mingine ikipita huku na mingine kule. Kuendesha miwili kwa pamoja halikuwa kosa. Ndiyo njia ya busara ya kuhama. Lakini wakala wa forodha ndiye aliyetakiwa kujua mzigo upi unapita wapi, kujisajili upya na kujifunza skrini mpya, huku mwenye mzigo akimpigia simu kila nusu saa. Palikuwa na mtambo wa zamani na mtambo mpya, na mkalimani kati yake alikuwa mtu mwenye leseni na kijana wake wa ofisini. Gharama hiyo haikuonekana kwenye bajeti ya serikali. Ilijitokeza kwenye ada ya wakala, na ada ya wakala iko ndani ya bei ya kila kiatu na kila betri inayouzwa Mbale.

"Nimelipa, lakini haijaonekana"

Kuna sentensi moja ambayo kila mtu aliyewahi kusimama dirishani Malaba ameisema au kuisikia: nimelipa, lakini haijaonekana. Simu inaonyesha ujumbe wa malipo. Skrini ya ofisa inasema deni lipo. Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo, na wote wawili wanasema kweli.

Mfumo wa zamani ulikuwa na mashine moja, na ukweli ulikaa mahali pamoja. Ukilipa, imeandikwa, asiyeiona ni kipofu. Mfumo uliogawanywa una nakala kadhaa za kumbukumbu zile zile, ili moja ikiungua au waya ukikatika nyingine iendelee. Faida yake ni kubwa. Lakini nakala zinahitaji muda wa kupashana habari. Malipo yanaweza kuwa yameandikwa kwenye nakala moja huku ofisa anasoma nyingine ambayo habari haijafika. Mara nyingi ni suala la sekunde. Mtandao ukiwa mbovu, au malipo yakiwa yamepitia benki, kampuni ya simu na mamlaka ya mapato kwa zamu, sekunde zinakuwa saa. Na saa za Malaba zina bei: nyanya zinalainika, na dereva anadai posho ya kulala.

Mteja wa zamani hakuumbwa kwa dunia hiyo. Kabambe, na hata zile programu za zamani za ofisini, zimezoea kwamba ukiuliza unajibiwa papo hapo, na kwamba aliyekujibu mara ya kwanza ndiye atakayekujibu mara ya pili. Zikikosa jibu, kuna jambo moja tu zinalojua, nalo ni kuuliza tena. Hapo ndipo hatari ilipo. Umetuma shilingi 8,000, ujumbe haukuja, unatuma tena. Kama mtambo una mashine mbili na hakuna anayezuia, ombi la kwanza linapokewa na hii, la pili na ile, na 16,000 zimeondoka.

Dawa yake inajulikana, na tayari tunaitumia bila kuiita dawa. KRA na URA zote mbili hutoa namba ya usajili wa malipo, PRN, kabla hujalipa. Namba hiyo ni ya deni moja tu. Ukilipa kwa PRN, mfumo una njia ya kujua kwamba ombi la pili ni lile lile la kwanza limerudi, hata likipitia benki nyingine au simu nyingine. PRN haijali umetumia simu janja au katochi. Ni tarakimu tu, zinaingia ndani ya herufi 182 na nafasi inabaki. Aliyeibuni alimfikiria mtu ambaye mtandao wake utakatika katikati, na huko ndiko kumfikiria mteja wa zamani.

Mlango ulipofungwa, na ulipoachwa wazi

Tuna mifano ya pande zote mbili, na mmoja umo katika duka moja.

Kenya ilianza kuwadai wafanyabiashara mashine za ETR katikati ya miaka ya 2000. Wenye maduka walizinunua kwa pesa zao. Kwa kanuni za mwaka 2020, zilizoanza kutekelezwa mwaka uliofuata, KRA ilitaka mashine zinazoweza kutuma ankara moja kwa moja kwake. Mashine nyingi za zamani hazikuijua lugha hiyo, na hapakuwa na lango la kuzitafsiria. Mwisho wa mwaka 2022 ulipowadia zilikuwa mapambo ya kaunta. Mtu aliyetii sheria mara ya kwanza ndiye aliyelipa mara mbili.

Mwaka 2023 ilipokuja eTIMS, ya programu badala ya mashine, mamlaka ilikuwa imejifunza. Waliokwisha kununua mashine za awamu ya TIMS waliruhusiwa kuendelea nazo. Na kwa mfanyabiashara mdogo paliwekwa mlango wa kabambe: piga *222#, unatoa ankara ya eTIMS bila kompyuta na bila bando. Mfanyabiashara wa vitunguu wa Malaba anayemuuzia mwenye hoteli wa Bungoma anauhitaji mlango huo, kwa sababu tangu Januari 2024 mnunuzi asiye na ankara ya eTIMS hawezi kuihesabu gharama hiyo anapokokotoa kodi ya mapato yake. Bila ankara, mwenye hoteli ataenda kununua kwa mwingine. Sheria ya mwisho wa mwaka 2024 iliongeza kwamba mnunuzi anaweza kuandika ankara kwa niaba ya mkulima au muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mtu asiye na simu kabisa akapata mlango.

Uganda ilipita njia ngumu zaidi. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka, na EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, ulikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Si haki kusema kila aliyefunga duka alikuwa akitetea uaminifu wa kodi. Lakini katika malalamiko yale palikuwa na jambo la kweli: mwenye duka la Kikuubo hununua kwa jumla, huuza kwa vipande, na bidhaa zake zinabadilisha jina na kipimo mara tatu kabla hazijamfikia mnunuzi wa mwisho. Mfumo uliotaka kila kitu kiingizwe kwa jina moja na kipimo kimoja haukujua lugha ya soko. Kutoelewana si kwa kompyuta peke yake.

Itifaki ya zamani kuliko zote

Hapa Malaba kuna mteja wa kizamani kuliko kabambe, naye ni karatasi. Kwa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, anapewa cheti rahisi cha uasili na ofisa wa forodha pale pale mpakani. Hahitaji wakala. Halipi ushuru wa kuingiza, ingawa kodi nyingine na vibali vya afya ya mimea vinabaki pale pale. Wengi wanaovuka na mahindi, maharage, ndizi au kuku wangeweza kuutumia. Wengi hawautumii.

Sababu ni nyingi, na woga wa ofisi ni mmojawapo. Lakini tazama kinachotokea cheti hicho kinapokutana na mitambo mipya. Mwenye lori ana tamko lililomo ndani ya iCMS au ASYCUDA. Likisimamishwa Eldoret au Tororo, ofisa anaingiza namba na kuona kila kitu. Mwenye gunia ana karatasi yenye muhuri. Ofisa wa barabarani hana namna ya kuihakiki kwa haraka, na karatasi isiyohakikiwa ni mwaliko wa mazungumzo ya pembeni. Vivyo hivyo katika kodi: bidhaa iliyoingizwa kutoka nje haihitaji ankara ya eTIMS ya muuzaji wa Uganda, kwa sababu kanuni za Kenya zimeziondoa bidhaa za kuingizwa, kinachothibitisha gharama ni hati za forodha. Aliyepita bila hati, kwa njia ya panya, hana ankara wala hati. Mbele ya mfumo, mzigo wake haukununuliwa popote.

Basi kadiri mitambo inavyokuwa ya kisasa, ndivyo mwenye karatasi anavyozidi kuwa mgeni katika mpaka wake mwenyewe. Njia ya panya inabaki kuwa mlango pekee unaomjua, na huko anakutana na mto ukiwa umefurika, na watu wanaojua kwamba hawezi kwenda kushtaki.

Marekebisho hayahitaji fedha za wafadhili. Cheti rahisi kingepewa namba wakati wa kutolewa, kama PRN, na namba hiyo ingehakikiwa kwa kupiga nyota na reli kutoka simu yoyote, upande wowote wa mpaka, ofisa yeyote wa barabarani angepoteza kisingizio, na mwenye gunia angekuwa na kumbukumbu ya kuonyesha msimu ukiisha. Karatasi ibaki. Iwe tu na mkalimani anayeifikisha kwenye mtambo.

Gharama ya kubaki na milango mingi

Wanaopinga wana hoja, na si za kubezwa. Kila mlango wa zamani ni wa kulindwa. Pesa za simu zimeibiwa mara nyingi kwa matapeli kuibadilisha laini ya mtu na kuanza kupokea ujumbe wake. USSD haina njia nyingi za kumtambua mtu zaidi ya laini na PIN. Cheti rahisi nacho kina wajanja wake: mzigo wa dola 10,000 unagawiwa vijana sita, kila mmoja anavuka na sehemu yake kama wa kwake. Na kuna gharama ya mafundi, maana lango linahitaji watu wanaojua lugha ya zamani na mpya, na watu hao hawapatikani kirahisi.

Reli yetu ni kielelezo kizuri. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na ambayo baadaye ilipitia Malaba na Tororo hadi Kampala, ina upana wa mita moja. SGR ina milimita 1,435. Ilipofika Naivasha mwaka 2019 ikaishia hapo, na mzigo wa Uganda ukahitaji kuhamishwa ama kwenye reli ya zamani ama kwenye lori. Kuhamisha kontena kutoka behewa hadi behewa kunakula muda na pesa, na hakuna anayelipenda. Lakini bila pale pa kuhamishia, treni mpya isingekuwa na maana yoyote kwa mtu wa Malaba, na itakuwa hivyo mpaka reli mpya ifike hapa yenyewe.

Kwa hiyo siombi milango ya zamani iachwe wazi milele. Marekani, kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 2G mwaka 2017 na wa 3G mwaka 2022, baada ya kutoa taarifa mapema, na siku moja kampuni zetu nazo zitafika hapo. Ninachoomba ni utaratibu. Kabla ya mlango kufungwa, mamlaka ihesabu ni wangapi bado wanautumia na itangaze idadi hiyo. Tarehe ya kuhama isiwekwe katikati ya msimu wa mahindi. Na kama mtu anatakiwa kununua kifaa kipya, aseme anayemtaka akinunue ni nani atakilipia. Kituo cha pamoja cha Malaba kina kamati ya mpaka inayokutanisha idara za nchi zote mbili. Vyama vya wafanyabiashara wadogo vina haki ya kupeleka ajenda huko, na namba ya cheti rahisi ni ajenda ya dakika kumi.

Hadi hapo, mwenye kuvuka wiki hii aombe PRN kabla ya kulipa badala ya kumpa mtu pesa mkononi, asilipe mara ya pili kabla hajahakiki ile ya kwanza, akipige picha cheti chake au amwombe mwenye simu janja ampigie, na ule ujumbe wa malipo asiufute mpaka mzigo uwe umeshuka sokoni.